Mzingo au Mzunguko wa Umbo?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Hisabati katika shule ya msingi iliyo viungani mwa jiji la Nakuru. Watoto wanapopima pande za umbo kwa rula na kujumlisha vipimo walivyopata, mimi huwaambia kwamba wamepata "mzunguko" wa umbo hilo. Mwalimu mwenzangu anashikilia kuwa neno linalofaa ni "mzingo". Nani kati yetu yuko sahihi? Tena, tuseme "pande nne" au "mapande manne"?

JIBU: Mwenzako ndiye aliyeshika istilahi inayofaa, ingawa wewe pia hukulitoa neno lako hewani, kwa kuwa wazungumzaji wengi hulitumia hivyo na wakaeleweka. Mzingo umetokana na kitenzi zinga, ambacho hakisikiki sana siku hizi, lakini jamaa zake, zingira na mazingira, tunao vinywani kila siku. Kinachozingira kimekaa mahali pake, nacho kimekifunga kitu kila upande. Ndiyo maana mzingo ni urefu wa mpaka wote wa umbo. Mzunguko, kwa upande wake, umetokana na zunguka, na mara nyingi hubeba mwendo ndani yake: tunasema mzunguko wa damu, mzunguko wa maji na mzunguko wa fedha, na mwanariadha huhesabiwa mizunguko aliyoimaliza uwanjani.

Tofauti hiyo huonekana wazi penye ua. Chukua ploti ya futi 50 kwa 100, kipimo kilichozoeleka sana katika biashara ya ardhi nchini Kenya. Ukijumlisha 50, 100, 50 na 100, unapata futi 300, na huo ndio mzingo wake. Sasa fundi akija kuizungushia ploti hiyo seng'enge ya mistari mitatu, bila kuacha nafasi ya lango, atakuwa amekamilisha mizunguko mitatu na kutumia futi 900 za waya, ilhali mzingo umebaki 300. Mtoto aliyezoeshwa kuyaita mambo yote mawili mzunguko atababaika swali litakapomtaka ahesabu waya, na kosa hilo halitakuwa la kujumlisha.

Faida nyingine ya mzingo ni kwamba neno hili linafaa hata pasipo na pande. Mpe mtoto uzi auzungushe kwenye mdomo wa sufuria hadi ncha ikutane na uzi, aukate hapo, kisha aunyooshe juu ya rula: urefu atakaousoma ni mzingo wa duara. Kwa sababu hiyo, nakusihi usiwakaririshe watoto kwamba mzingo ni "jumla ya pande" na kuishia hapo. Jumla ya pande ni njia ya kuupata mzingo wa mraba, mstatili, pembetatu na maumbo mengine yenye pande zilizonyooka.

Kuhusu swali lako la pili, umoja ni upande na wingi ni pande, katika ngeli ya U-ZI: upande huu una sentimita 6, pande hizi zina sentimita 6 kila mmoja. Mapande ni wingi wa pande lenye maana ya kipande kikubwa, kama pande la nyama au pande la mtu, kwa hiyo mraba wenye "mapande manne" utakuwa umekatwakatwa. Kosa ninalokutana nalo zaidi, hata katika maswali ya mtihani, ni "pande hii nne", nalo lirekebishwe mapema kuwa "pande hizi nne".

Zingatia pia vitenzi. Kwa rula, mtoto hupima upande. Mzingo wa mstatili huutafuta kwa kujumlisha. Ubaoni unaweza kuandika: "Pima urefu wa kila upande wa mstatili huu, kisha utafute mzingo wake."