Mifumo ya taarifa kwa mtu wa biashara: usiogope

Mdogo wangu, umesema uko mwaka wa pili wa shahada ya biashara hapo Moshi, unataka kujikita kwenye mifumo ya taarifa za menejimenti, ila programu hujawahi kuandika hata moja. Usihofu, hii si sayansi ya kompyuta. Kazi kubwa ni kuelewa biashara inavyokwenda, kisha kuamua taarifa ipi itunzwe wapi na nani aione.

Chukua chama cha msingi cha kahawa huko Kibosho. Mkulima analeta gunia, karani anapima, anaandika kilo daftarini, malipo yanafuata. Sasa lihamishe daftari hilo kwenye kompyuta. Ukitegemea majina umekwama: akina Mushi ni lundo, na wawili kati yao wote ni Peter! Basi kila mwanachama apewe namba yake. Jedwali la wanachama likae peke yake, la mapokezi peke yake, yaunganishwe kwa namba hiyo. Wazo hilo alilitoa Edgar Codd, mtafiti wa kampuni ya kompyuta ya IBM, mwaka 1970, na SQL, lugha ya kuulizia taarifa kwenye hifadhidata, imejengwa juu yake. Ukilishika, somo la hifadhidata utalimudu.

Pakua PostgreSQL, programu ya hifadhidata inayotumia SQL, ni ya bure, ujifunzie humo.

Uhasibu usiutupe, tafadhali. Mfumo wa mauzo utaubunije kama hujui stoo na leja zinavyokutana?

Mafunzo kwa vitendo omba kwenye SACCOS ndogo. Kwenye ofisi kubwa unaweza kuishia kutoa fotokopi.