Dawa ya homa ya ini B: maudhi na madhara

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu tenofovia, kidonge cha miligramu 300 wanachomeza kila siku wengi wenye homa ya ini B sugu. Nimeyafupisha.

Nina wiki mbili tangu nianze dawa. Nikimeza, kichefuchefu na kichwa kinauma. Dawa imenikataa? (Kibaigwa)

Haijakukataa, dada. Hayo ndiyo tunayaita maudhi madogo madogo: kichefuchefu, kuharisha, kizunguzungu, uchovu. Kwa wengi hutulia baada ya wiki chache. Jaribu kumeza baada ya ugali wa usiku, kisha ulale. Ukitapika kabla ya saa moja kupita, meza kingine. Yakiendelea zaidi ya mwezi, rudi kliniki.

Jamaa anayetumia dawa za VVU ana jina hilihili kwenye kopo lake. Je, kuna jambo nimefichwa? (Dodoma mjini)

Swali hili huulizwa kwa kunong'ona, nami nakushukuru kwa kuliuliza wazi. Tenofovia huzuia virusi vya aina zote mbili visizaliane. Mwenye VVU huimeza pamoja na dawa nyingine, wewe unaimeza peke yake. Ndiyo maana hupimwa VVU kabla ya kuanzishiwa: ikitumika peke yake kwa mwenye VVU, virusi hivyo hujenga usugu. Kama hukupimwa, omba upimwe.

Nina miaka 61, nalima zabibu Hombolo. Mwaka wa nne natumia tenofovia. Mgongo ukinisumbua nanunua diklofenaki duka la dawa. Kuna ubaya?

Upo, mzee wangu, na hapa naomba tukae kidogo. Tenofovia hutoka mwilini kupitia figo, na kwa baadhi ya watu huzichosha, hasa wenye umri mkubwa, kisukari au presha. Diklofenaki nayo hupunguza damu inayofika kwenye figo. Zikikutana, mzigo unakuwa mkubwa. Tatizo ni kwamba figo zinapoanza kuharibika haziumi. Unaweza kupalilia shamba lako mpaka jioni, huku damu ikisema mengine.

Kwa hiyo omba kipimo cha damu cha kreatinini, kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, na cha protini kwenye mkojo. Kwa umri wako, usikae mwaka bila kupima. Dawa hii pia inaweza kupunguza uimara wa mifupa, hivyo huo mgongo mweleze daktari, usiutulize kwa dawa za dukani tu. Parasetamoli ni salama zaidi, lakini kama ini limeshasinyaa usizidishe vidonge vinne vya miligramu 500 kwa siku. Majibu ya figo yakiwa mabaya, daktari anaweza kukupangia kumeza kwa kuruka siku, au akubadilishie dawa, mfano entekavia. Uamuzi huo aufanye yeye.

Niliacha dawa miezi miwili iliyopita, nikahamia mitishamba. Najisikia vizuri. (Mpwapwa)

Ujumbe wako ndio ulionikosesha raha. Kati ya mambo yote yaliyoandikwa kwenye karatasi ya dawa hii, ninaloliogopa zaidi ni kuiacha kimya kimya. Virusi vilivyokuwa vimebanwa huamka, kinga ya mwili inavishambulia vikiwa ndani ya ini, na ini linaumia pamoja navyo. Huweza kutokea wiki au miezi baada ya kuacha, na wapo wanaopoteza maisha. Nenda wiki hii ukapimwe ini na wingi wa virusi. Ukiona macho ya manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, tumbo kujaa au kuchanganyikiwa, usisubiri kesho. Mitishamba itaje bila aibu. Ipo inayoumiza ini, na hakuna atakayekugombeza kwa kusema ukweli.

Divai kidogo ya hapa kwetu, jumapili tu? (Chamwino)

Hapana. Dawa haigombani na divai, ini lako ndilo linalogombana nayo.

Na kwa kuwa umegusa mlo: ogopa zaidi mahindi na karanga zenye ukungu. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu huo, iliua watu Dodoma na Manyara, na kwa mwenye homa ya ini B huzidisha sana hatari ya saratani ya ini. Haiondoki kwa kupikwa. Karanga zilizosinyaa au kubadilika rangi zichambue kabla ya kukaanga, uzitupe, wala usiwape kuku.