Kazi moja, mshahara tofauti: nawajibu

Wiki hii meseji nyingi zimetoka Arusha na Moshi, nyingi za akina dada.

Dada shikamoo. Nipo mapokezi hotelini hapa Arusha mwaka wa 4, kuna mkaka nimemfundisha kazi mwenyewe, kumbe ananizidi laki na nusu. Nikiuliza si watanifukuza?

Marahaba mdogo wangu. Najua inavyouma, mimi nilishawahi kuwa ofisi moja ya watalii, naenda kuchukua vocha kwenye printa nakuta salari slipu ya mwenzangu wa meza ya pili, tumeanza mwezi mmoja, kazi ileile, kanizidi laki mbili, nikaifunika nikaenda kujifungia chooni robo saa nzima. Sikuuliza mpaka naacha kazi na mpaka leo najuta. Wewe uliza. Katiba ibara ya 23 inasema kila mtu apate ujira unaolingana na kazi yake bila ubaguzi, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza kumbagua mtu kwa jinsia, mimba, hata ndoa, na kizuri zaidi ukishaonyesha dalili za ubaguzi ni mwajiri ndo anatakiwa kuthibitisha kwamba hajabagua. Sasa usianzie kwenye umbea wa jikoni. Kusanya mkataba, slipu zako na ratiba ya zamu, andika barua kwa HR (ofisi ya rasilimali watu) uulize mshahara wako umepangwaje, nakala igongwe muhuri ubaki nayo. Labda ana cheti ambacho wewe huna, sawa, wakwambie basi kwa maandishi.

Nilikuwa nakaimu usupavaiza, kurudi likizo ya uzazi nakuta kapewa mwingine, bosi ananiambia "wewe sasa una mtoto mdogo."

Hayo maneno yaandike leoleo, tarehe, saa, nani alikuwepo. Likizo ni siku 84 na malipo, 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja, unarudi kwa masharti yaleyale ya kazi na unaruhusiwa kunyonyesha muda wa kazi, jumla isizidi saa mbili kwa siku. Kwenye kukaimu watakubana maana hukuwa umethibitishwa, lakini sababu aliyoitaja ni mtoto, na majukumu ya familia yametajwa kwenye kifungu hichohicho cha 7. Nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 60, wakikufukuza ni 30 tu, hulipii kufungua, na kama upo chama cha wafanyakazi nenda na kiongozi wako.

Wanaume ndo tunategemewa nyumbani, kwa nini tusilipwe zaidi?

Kaka, mshahara ni wa kazi, haulipi ukubwa wa familia. Halafu pita soko la Kilombero pale Arusha alfajiri, waulize wale mama wanaopanga nyanya wanasomesha wangapi.

Mimi ni mgumu, yaani mbeba mizigo ya watalii mlimani, nipo Moshi, napanda mlima na kilo 20 kama wanaume, ila nikitaka kuwa msaidizi wa guide (anayeongoza watalii) naambiwa nisubiri.

Umesubiri vya kutosha mdogo wangu. Nunua daftari, andika kila safari, tarehe, njia, uliongozwa na nani, kisha waombe vigezo vya msaidizi kwa maandishi, na huku msimu wa mvua wageni wakipungua soma huduma ya kwanza na kiingereza. Wakipandisha mkaka mwenye safari chache kuliko zako, niandikie na hilo daftari tuanze barua.