Kumalizia sindano za mshipa ukiwa nyumbani Moshi

Pole dada, mpe pole na mama. Umeuliza kama mama anaweza kumalizia sindano zake za mshipa zahanati ya hapo Pasua badala ya kulazwa; inawezekana kabisa, ilimradi daktari ndo kasema, na ceftriaxone, hiyo dawa ya kuua bakteria anayochomwa, kwa kawaida ni mara moja kwa siku kwa hiyo pangeni saa ileile na mbebe karatasi ya dozi kila mkienda. Ila hiyo kanula, kale kamrija kanakobaki kwenye mshipa, iangalie sana jamani, asiiloweshe akioga, nguo mfulie wewe, na pakivimba au pakawa pekundu panauma wauguzi waitoe siku hiyohiyo, wasilazimishe kusukuma dawa. Akianza kutetemeka na homa, au vipele na kubanwa pumzi, ita bajaji mrudi hospitali hata iwe usiku. Na asikatishe dozi eti kapata nafuu.