Dogo wa Sakina, hiyo laki nane usimpe huyo prodyuza

Aisee dogo simama hapo hapo. Umeuliza kwa nini msanii mkubwa akifungua mdomo tu kila mtu anamjua, ukauliza maiki gani ununue, ukauliza na chumba chako kama kinafaa kurekodia, af mwishoni kabisa ukatupia kwamba kuna prodyuza anataka laki nane "akutengenezee sauti" ifanane na ya yule jamaa wa Dar anayetamba saa hivi. Hiyo ya mwisho ndo imeninyima usingizi. Usimpe. Mimi nilitoa.

Mwaka 2014 nilikuwa Moshi, nina bodaboda yangu mwenyewe, napaki kijiwe cha Kiborloni, jioni naimba kwenye maharusi. Prodyuza mmoja, jina lake nalihifadhi, akanisikia akaniita pembeni akasema kijana kipaji unacho ila sauti yako ina Uchaga mwingi, haiuzi. Nikamwamini maana yeye ndo mwenye studio. Nikauza pikipiki, milioni moja na laki mbili, yote ikaingia mfukoni kwake kwa nyimbo tatu.

Alichofanya ni hiki. Akanipa nyimbo za msanii mmoja mkubwa niziimbe kila siku mpaka niwe yeye, nipande juu kwa kubana, nipitishe puani, kila mwisho wa mstari nitetemeshe, na maneno niyatamke kama nimekulia Magomeni wakati mimi ni wa Kibosho. Tukarekodi, af akakaa kwenye kompyuta siku mbili. Pumzi zote akakata. Pale nilipochelewa kidogo nyuma ya biti akanivuta mbele. Palipokwaruza nilirudia mpaka pakawa laini. Juu ya yote akamwaga Auto-Tune, ile programu ya kunyoosha noti iliyotoka 1997, akaikaza mpaka mwisho. Siku ananipigia kazi iliyokamilika nilifurahi mpaka nikamkumbatia, dogo, namkumbatia mtu aliyeniibia!

Wimbo ukapigwa redioni. Mama yupo jikoni anamenya ndizi za mtori, redio iko juu ya kabati, mimi nimekaa kimya makusudi nione atasemaje. Ukapigwa wote mwanzo mwisho. Mama akasema hebu nyamazeni hapo, matangazo ya vifo yanakuja. Hakunijua. Mwanae wa kuzaa, nimesimama hatua tatu kutoka kwake, hakunijua. Na wiki hiyo hiyo nilimpigia kwa namba ya rafiki yangu asiyoijua kabisa, nikasema "aloo" tu, akajibu "baba, umeshakula?"

Ndo jibu la swali lako hilo. Simu ya kawaida kwa miaka mingi imepitisha sauti kuanzia kama hezi 300 mpaka 3,400, yaani mitetemo kwa sekunde, inakata chini, inakata juu, na bado mama anakujua kwa neno moja. Kwa hiyo kinachokutambulisha sio kupanda juu sana wala kushuka chini sana. Noti moja wanaweza kuiimba watu mia, ila kila mmoja anaipitisha kwenye koo lake, mdomo wake, pua yake, na hivyo vyenye urefu na umbo tofauti ndo vinaukuza mlio huku na kuufifisha kule. Hiyo umezaliwa nayo. Af juu yake kuna vitu ulivyoviokota ukikua bila kujua: unaanzaje neno, kwa pumzi au kwa kuligonga, irabu zako zinakaa wapi, unavuta hewa lini, unawahi biti au unaichelewesha. Hata kutetemesha, waimbaji wengi wanatetemesha kama mara 5 mpaka 7 kwa sekunde, wanapishana kidogo tu, ila sehemu mtu anapoanzia kutetemesha ndo unasema ahaa, huyu fulani. Sasa rudi juu usome prodyuza wangu alifuta nini. Pumzi, kuchelewa, mikwaruzo, lafudhi. Alifuta kila alama ya kwangu, na akachaji!

Ati Uchaga mwingi. X Plastaz wa hapo hapo kwenu Arusha waliuchukua uimbaji wa Kimasai wakauweka katikati ya hip hop wakazunguka nao mpaka Ulaya, na ule Umasai ndo uliowatofautisha na wengine wote. Bi Kidude aliimba kwa ile sauti nzito yenye mikwaruzo mpaka uzeeni, amefariki 2013 na mpaka leo ikilia sehemu hakuna anayeuliza ni nani. Mnyooshe yule kwa kompyuta uone kinabaki nini. Na usiniletee habari za T-Pain, yule Mmarekani wa Auto-Tune, yule anaimba kweli, mashine aliichagua mwenyewe ikawa rangi yake, hajaitumia kuwa mtu mwingine.

Desemba watu wamerudi Kilimanjaro kula sikukuu, nikapata shoo baa moja Marangu, kila meza inaomba nyimbo za yule msanii, nikipiga zangu wanadhani ni zake za zamani. Kufika Machi sauti ikakatika. Daktari wa koo akaingiza kamera, akaona vinundu kwenye nyuzi za sauti, akasema ni ule ubanaji. Miezi minne sijaimba, boda sina, na prodyuza simu hapokei.

Kwa hiyo kabla hujamlipa mtu yeyote rekodi sauti kavu. Simu yako inatosha, bila biti, bila chochote. Sema mstari wako kama unamwambia mtu jambo la kweli, af uimbe pale pale unapoongelea, usipande, usibane. Mtumie mtu wa nyumbani kwenu kwa namba asiyoijua. Asipokutambua kwenye maneno ya kwanza, huna cha kupeleka studio bado. Akikutambua nenda, ila kaa na prodyuza pale pale, akigusa pumzi yako mwambie airudishe.

Fanya usiku wa leo, jifunike blanketi maana malori ya Namanga hapo Sakina hayalali. Af nitumie hiyo pamoja na sampo aliyokutengenezea, usiniambie ipi ni ipi.