Jibu: Siklameni yangu inageuka njano, niongeze maji?

Hapana dada, usiongeze hata tone. Umesema unaimwagilia kila asubuhi na umeiweka juu ya friji, penye joto. Hayo mawili ndiyo yanayoiua. Siklameni, ua hili la kwenye kopo, ina kiazi kinachochungulia juu ya udongo, na maji yakituama pale katikati kinaoza. Kibonyeze kwa kidole. Kikiwa kigumu, bado kizima. Kikibonyea kama parachichi lililoiva, basi tena, pole.

Kama ni kigumu, weka kopo kwenye sahani yenye maji dakika 20, linywe kwa chini, kisha mwaga yaliyobaki. Rudia udongo wa juu ukikauka tu. Inataka ubaridi, nyuzi 10 hadi 18 hivi, na mwanga usio wa jua kali. Hapa Moshi mjini Juni hadi Agosti ndiyo inapumua. Yangu usiku hulala barazani.

Ua likichakaa zungusha kikonyo ulichomoe chote. Mimi nilikuwa nakata kwa mkasi, visiki vikaota ukungu.

Joto la Januari likija itapukutisha majani yote. Usiitupe, imelala. Punguza maji, iache kivulini. Na kama una paka, kiazi kile kina sumu.