Nihame chumba au nibaki?

Mama angu, meseji yako nimeisoma mara tatu. Unauliza eti mawazo ya mtu yanaambukiza kama mafua, maana rumeti wako tangu apate sapu mbili, mitihani ya kurudia, kila usiku ni "mi sina akili, nitadisko tu, nitafukuzwa chuo, hata nikimaliza ajira zenyewe ziko wapi", na wewe ambaye huna sapu hata moja umeanza kuimba wimbo huohuo. Uhame?

Yanaambukiza, ndiyo. Watafiti wawili wa chuo cha Notre Dame huko Marekani, Haeffel na Hames, walifuatilia jozi 103 za wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliopangiwa chumba bila kuchaguana. Waliokaa na mtu ambaye kila baya likimpata anajilaumu na kuona halitaisha, walianza kuwaza kama yeye, na wale ambao mawazo hayo yaliwazidi miezi mitatu ya kwanza, walipotimiza miezi sita dalili zao za sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, zilikuwa karibu mara mbili ya wenzao. Ila usikimbilie kufunga begi, waliopangwa na mtu asiye na tabia hiyo, yao yalipungua!

Mi mwenyewe yalinikuta, wewe uko la nne. Ugonjwa wa ubwiri unga umepiga zabibu, basi kila jioni niko na jirani chini ya mkwaju, yeye anasema shamba limekufa, mi naongezea Dodoma nzima imekufa, mpaka msimu wa kupogolea unakaribia kupita nimekaa tu. Mama yako hakunihubiria. Alibeba mkasi akaenda peke yake, jioni akarudi na vumbi mpaka kwenye kope akasema, "mistari sita imeharibika, kumi na moja mizima." Mi hata sikuwa nimehesabu.

Kwa hiyo akisema hana akili muulize amefanya masomo mangapi, yaliyopita mangapi, ahesabu kwa mdomo wake, na wewe siku ukijisikia hivyo ujihesabie.

Ila kama wiki mbili sasa halali, hali, hacheki na chochote, hapo si kazi yako tena, mpeleke hospitali. Hata Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili mnayotaniana nayo huko hosteli, sonona wanatibu. Na akitamka bora asingekuwepo, usimwache peke yake hata usiku mmoja, nipigie saa yoyote.

Jumamosi njoo naye, zabibu bado zipo. Mama yako anauliza kama anakula mlenda.